Je, Aliyesahau Amepoteza?

Katika mazoezi ya kufundisha, wanachuo wengi huandika chini ya andalio la somo: "Wanafunzi wamesahau, somo litarudiwa." Sisi twaona neno hilo huandikwa upesi mno.

Mwaka 2019 wataalamu wa Japani, miongoni mwao Hiroshi Nomura na Yuji Ikegaya, walitoa matokeo ya majaribio yao juu ya panya. Panya hupenda kitu kipya: awekewapo kitu alichokwisha kukizoea pamoja na kigeni, hukinusa kile kigeni kwa muda mrefu zaidi. Siku chache zilipopita, panya wale walivinusa vyote viwili sawasawa, kana kwamba hawajapata kukiona hata kimoja. Mtu angedhani kumbukumbu imekwisha. Lakini walipopewa, kabla ya kujaribiwa, dawa iongezayo histamini ubongoni, walikitambua tena kile cha zamani, hata baada ya majuma kadhaa. Hawakufundishwa upya. Jambo lilikuwamo, njia ya kulifikia ndiyo iliyofifia.

Histamini ni kemikali ileile ituwashayo ngozi tuumwapo na mdudu. Ubongoni hutusaidia pia kukaa macho. Ndiyo sababu baadhi ya dawa za mafua na muwasho, ziizuiazo, humtia mtoto usingizi darasani. (Mwalimu na aulize kwanza, kabla ya kumwita mtoto mvivu.)

Hatusemi kwamba mtoto ni panya, wala hatutaki vidonge shuleni, la hasha! Wataalamu haohao waliwapa watu 38 dawa ya namna hiyo, itumiwayo kutibu kizunguzungu. Waliokuwa wakikumbuka kwa shida walisaidika. Waliokuwa wakikumbuka vizuri walivurugika.

Kilicho mikononi mwa mwalimu ni namna ya kuuliza. Mtoto anyamazapo, apewe kianzio: picha ileile ya siku ile, kifaa kilekile, sauti ya kwanza ya neno, na muda wa kuwaza. Tulipata kumwona mtoto wa darasa la tatu aliyeshindwa kutaja sehemu za ua. Alisimamishwa mbele ya wenzake karibu robo ya kipindi, nao wakamcheka. Mwenzetu mmoja aliyekuwa akikagua somo alichuma ua nje ya dirisha, akamshikisha. Mtoto akazitaja zote, moja baada ya nyingine, kwa sauti ndogo. Wakati huo mwalimu wake alikuwa amekwisha kuandika kwamba somo lirudiwe.