Uso wa kijivu si kosa la ngozi

Kila mwisho wa juma katika miji yetu kuna harusi, na kila harusi ina picha zake. Picha hizo zikishatoka, aghalabu yuko dada mmoja au wawili ambao hawapendi kuzitazama. Nguo zao zimependeza, nywele zimesukwa vizuri, lakini nyuso zao zinaonekana kana kwamba zimepakwa majivu, na shingo zao ni za rangi nyingine kabisa. Dada wa namna hiyo hurudi kwenye kioo, akajitazama, akajiambia kwamba ngozi yake ni nyeusi mno na haipokei vipodozi. Siku si nyingi atamsikia jirani akisifu krimu fulani ya kung'arisha, naye atakuwa tayari kuinunua.

Leo safu hii inataka kuzungumza na dada huyo, na pia na mama yake na mumewe, kwa sababu maneno ya nyumbani ndiyo ambayo mara nyingi humsukuma mtu kwenye krimu hizo. Tunataka kumweleza kwamba kosa liko katika kopo alilonunua, na kwamba kupata kopo linalomfaa si kazi ngumu wala haihitaji mshahara mkubwa.

MAJIVU HUTOKA WAPI

Poda na faundesheni, yaani ile rangi inayopakwa usoni kabla ya poda, hutengenezwa kwa kuchanganya unga wa rangi chache. Wa kwanza ni mweupe, uitwao titani dioksaidi, ambao ndio huohuo unaotiwa katika rangi za kupaka kuta. Nyingine ni oksaidi za chuma, jamaa za kutu, nazo huwa nyekundu, manjano na nyeusi. Mwenye kiwanda akitaka rangi ya kumfaa mtu mweupe, hutia unga mweupe kwa wingi na hizo nyingine kwa uchache. Akitaka rangi ya kumfaa mtu mweusi, sharti apunguze sana ule mweupe, azidishe nyekundu na manjano kwa kipimo, kisha aongeze nyeusi. Akikwepa kazi hiyo, akachukua mchanganyiko uliojaa nyeupe na kuutia nyeusi kidogo tu, atapata kijivu, kama mtu aliyekoroga makaa na chokaa. Hayo ndiyo majivu yanayoonekana katika picha.

Ngozi yenyewe haina hitilafu. Kila mwanadamu ana chembe zinazotengeneza rangi ya mwili iitwayo melanini, na idadi ya chembe hizo ni karibu sawa kwa watu wote, weupe kwa weusi. Tofauti iko katika wingi na aina ya melanini inayotengenezwa. Tena ngozi nyeusi si rangi moja. Wako walio maji ya kunde, wako wenye wekundu ndani ya weusi, wako weusi tititi ambao ngozi yao hung'aa juani. Hata katika uso mmoja, paji la uso na pembe za midomo mara nyingi huwa nyeusi kuliko mashavu. Kwa hiyo kikopo kimoja kilichoandikwa "kwa ngozi nyeusi" hakiwezi kumfaa kila mtu.

WALIOTANGULIA KUKATAA

Kukosekana kwa rangi zetu dukani kumewaudhi watu kwa zaidi ya karne moja, na wengine walichukua hatua. Huko Marekani, mfanyabiashara mweusi Anthony Overton alianzisha kampuni yake mwaka 1898, na poda yake ya uso iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake weusi ilipata jina kubwa. Mwaka 1958 jarida la Ebony la Chicago lilianzisha maonyesho ya mavazi yaliyokuwa yakizunguka mji hadi mji. Wasichana walioonyesha mavazi hayo hawakupata faundesheni za kuwafaa, wakawa wanachanganya wenyewe rangi mbili tatu mpaka ipatikane inayofanana nao. Eunice Johnson, aliyekuwa akiyaongoza maonyesho hayo, aliona mchanganyiko huo wa mikononi, na mwaka 1973 vipodozi vya Fashion Fair vikaanza kuuzwa.

Karibu nasi zaidi yuko Iman, mzaliwa wa Mogadishu, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi alipopigwa picha zilizompeleka Marekani mwaka 1975. Ameeleza mara nyingi jinsi mpambaji mmoja alivyomuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, na jinsi alivyoonekana wa kijivu katika picha. Alianza kujichanganyia rangi zake, na mwaka 1994 akafungua kampuni ya vipodozi. Mwaka 2017 mwanamuziki Rihanna alitoa faundesheni za rangi 40 kwa mpigo mmoja, zikiwamo nyeusi kabisa, na baada ya hapo kampuni nyingine kubwa nazo zikaongeza rangi zao.

Tunayataja haya kwa sababu moja. Hata mwanamke aliyesifiwa dunia nzima kwa uzuri wake alionekana wa kijivu alipopakwa rangi isiyo yake. Sembuse karani au mfanyakazi wa kiwandani aliyenunua kikopo jioni, chini ya taa ya duka, akiwa na haraka ya kuwahi basi?

JINSI YA KUCHAGUA

Kwanza, nunua mchana. Taa nyingi za dukani huficha ukweli wa rangi. Paka kidogo kwenye taya, mahali uso unapokutana na shingo, kisha toka mlangoni ujitazame juani kwa kioo kidogo. Usijaribu kwenye kiganja wala nyuma ya mkono, maana mkono na uso havifanani. Rangi inayokufaa ni ile inayopotea machoni, hata usiweze kusema imeanzia wapi. Ngoja dakika kumi hivi kabla ya kulipa, kwa kuwa baadhi ya rangi hubadilika zikishakutana na mafuta ya ngozi.

Pili, usione haya mbele ya muuzaji. Akikuambia, "Dada, chukua hii, itakutakatisha," mjibu kwa upole: "Ahsante, kaka yangu, lakini natafuta inayofanana nami. Niruhusu nitoke nayo nje kidogo." Muuzaji mwema hatakasirika. Na kama kopo lake la kujaribia limetiwa vidole na watu wengi, mwombe achote kwa kijiti safi.

Tatu, ukikosa rangi yako sawasawa, fanya kama walivyofanya wale wasichana wa maonyesho. Nunueni wawili, wewe na dada yako au rafiki yako, kikopo cha rangi iliyozidi kidogo na kingine cha rangi iliyopungua, mgawane, kila mmoja achanganye kwa kipimo chake. Gharama hugawanyika, na uso hupata haki yake.

Nne, jihadhari na poda nyeupe, hata ile isemwayo kwamba haina rangi. Katika kioo cha nyumbani yaweza isionekane, lakini mwanga mkali wa kamera ukiipiga, inarudi nyeupe kama unga wa ngano. Kwa ngozi yetu, poda yenye rangi ya ngozi ndiyo salama zaidi.

VITU VITATU VINATOSHA

Mama anayeamka alfajiri kuandaa watoto na kuwahi kazini hana nafasi ya meza iliyojaa vichupa. Vitu vitatu vinamtosha, navyo havizidi dakika tano.

Cha kwanza ni faundesheni ya kijiti au ya krimu, kwa kuwa hupakwa kwa kidole na haihitaji brashi. Si lazima ipakwe uso mzima. Iweke pale tu penye doa au palipo peusi kuliko pengine, kisha ipapase mpaka ipotee. Kabla yake, nawa uso na upake mafuta mepesi kidogo, kwani ngozi kavu huonyesha weupe hata isipopakwa chochote. Ukiwa na uso wa mafuta, malizia kwa poda ya rangi yako kwenye paji la uso na pua.

Cha pili ni wanja. Bibi zetu wa pwani walijua tangu zamani kwamba jicho likipakwa wanja, uso wote huamka. Wanja wa penseli, mweusi au wa kahawia iliyokolea, unafaa kwa macho na kwa nyusi. Lakini uwe na hadhari na wanja wa unga usiojulikana asili yake, kwa sababu aina fulani husagwa kutokana na jiwe lenye risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto wachanga. Wala msiazimane wanja, maana maradhi ya macho huhama nao.

Cha tatu ni rangi ya midomo. Wengi wetu tuna mdomo wa juu mweusi kuliko wa chini, na rangi za waridi hafifu huacha mdomo kama umepakwa chokaa. Chagua rangi zilizokolea: zambarau, nyekundu ya damu ya mzee, kahawia yenye wekundu, au rangi ya matofali. Rangi hiyohiyo, ikiguswa kidogo kwa kidole na kusambazwa mashavuni, inatosha kuwa rangi ya mashavu. Hivyo kitu kimoja hufanya kazi mbili.

Usiku, kabla ya kulala, viondoe vyote kwa pamba yenye mafuta kidogo, kisha unawe kwa maji na sabuni laini.

KOPO LA KUKIMBIA

Sasa turudi kwa yule jirani na krimu yake. Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kwamba mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, ikipiga vita sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kung'arisha ngozi. Mengi yalisemwa wakati ule, ya kuunga mkono na ya kupinga. Sketi na mawigi tuwaachie wenyewe. Lakini krimu za kung'arisha hazikutoweka, na leo mchanganyiko wake una jina lake mitaani, mkorogo. Marufuku ilimwambia mwanamke asichopaswa kupaka, bali haikumpa kopo linalomfaa.

Hatari yenyewe yafaa ielezwe bila kuficha. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza melanini, ndiyo maana hung'arisha, lakini huingia mwilini, ikaharibu figo, na humfikia mtoto aliye tumboni. Yaweza hata kuwafikia wengine nyumbani kwa njia ya taulo na mashuka. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta madoa ya weusi wa samawati ambayo hayatoki. Dawa kali za jamii ya steroidi, ambazo daktari huzitoa kwa siku chache na kwa ugonjwa maalumu, zikipakwa kila siku huifanya ngozi kuwa nyembamba, yenye michirizi na vipele. Mataifa yaliyo katika Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 yaliamua mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikomeshwe ifikapo 2025. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019, Shirika la Viwango, TBS, ndilo lenye dhamana ya kusimamia vipodozi. Kopo lisiloonyesha vilivyomo wala mtengenezaji wake, liache palepale. Anayetumia krimu hizo sasa asijifiche. Aende kwa daktari wa ngozi amweleze, apate kusaidiwa kuziacha bila kudhurika zaidi.

Wengi huanza mkorogo kwa sababu ya madoa meusi yaliyoachwa na chunusi. Madoa hayo ni kazi ya melanini iliyozidi mahali palipoumia. Usipoyakamua na kuyachokoa, mengi hufifia yenyewe baada ya miezi, na krimu ya kukinga jua husaidia yasikolee. Wakati unangoja, tone la faundesheni ya rangi yako litayafunika. Hiyo ndiyo kazi halali ya kipodozi.

Neno la mwisho ni kwa walio nyumbani. Baba anayemsifu binti mmoja kwa weupe wake mbele ya mwenziwe, shangazi anayemwambia bibi harusi "ujitahidi utakate kidogo kabla ya siku yenyewe", mume anayetania rangi ya mkewe mbele ya wageni, wote hao wanaisaidia biashara ya mkorogo bila kulipwa. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Basi safari hii, kabla ya harusi ijayo, mzazi ampeleke bintiye dukani mchana, amshikie kioo mlangoni, na wachague pamoja rangi inayofanana naye.