Glasi Ndogo, Dharau Kubwa

Kwenye meza ya kuonja bia kuna adabu mbili. Ya kwanza ni adabu kwa bia: namna ya kushika glasi, kunusa, kunywa kidogo kidogo, kusuuza mdomo kwa maji kabla ya glasi inayofuata. Hiyo Nairobi tumeikariri kama sala. Ya pili ni adabu kwa watu uliokaa nao. Hiyo haifundishwi popote, na mimi nasema wazi: kama huna ya pili, ya kwanza ni maringo tu.

Sina ugomvi na bia yenyewe. Hizi bia za viwanda vidogo, tunazoziita krafti, nazipenda. Napenda ule ubao wenye glasi nne ndogo zilizopangwa kuanzia rangi ya nyasi kavu hadi rangi ya kahawa. Na nyingi ya kanuni zake zina akili. Unaanza na nyepesi na kumalizia na nzito kwa sababu uchungu wa hopsi ukishatua ulimini, bia nyepesi ikija nyuma yake utaiona chapwa. Unapunguza marashi kwa sababu nusu ya ladha iko puani, na pua ya jirani yako pia imelipiwa. Bia nyeusi huinywi ikiwa baridi ya kuumiza meno, maana baridi kali huficha harufu. Huo ni ujuzi, kama wa mama wa hoteli anayejua majani ya chai yaingie lini na maziwa yaingie lini.

Shida inaanza pale ujuzi unapogeuzwa kuwa geti, na rafiki yako ndiye anayesimamishwa nje.

Tuanze na pesa, kwa sababu ndiyo tunayoiogopa kuitaja. Tuseme mko watano. Ujumbe unaingia kwenye grupu: “Jumamosi tunaonja krafti, msikose.” Bei haijatajwa. Mmoja anaagiza ubao mmoja wa shilingi elfu moja na kukaa nao saa mbili. Mwingine anaagiza ubao wa pili, mabawa ya kuku, nyama, halafu chupa ya kubeba. Bili inakuja elfu kumi na tano. Ndipo mmoja anasema kwa sauti ya upendo, “Si tugawe tu sawa, kwani sisi ni wageni?” Elfu tatu kila mtu. Aliyetumia elfu moja anatabasamu, anatoa simu, anatuma, halafu anasema atatembea kidogo kabla ya kupanda matatu. Hatembei kwa ajili ya hewa safi.

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea. Chuo niliacha mwaka wa pili, na tangu hapo nalipwa kwa makala, na malipo ya makala huja yakitaka yenyewe. Mji huu umejaa watu wa aina yangu: wa boda, wa kibanda cha simu, mwalimu wa BOM anayesubiri mshahara wa muhula uliopita. Tunapenda marafiki zetu na tunapenda bia nzuri. Lakini mwaliko usio na bei kwetu ni mtego. Ukisema huna, umejianika. Ukinyamaza, utalipa na kodi ya nyumba. Ukikataa kwenda mara tatu, unaambiwa umekuwa na maringo, siku hizi haupatikani.

Ati kutaja pesa kunaharibu raha. Kwani chama tunaendeshaje? Kiasi kinajulikana kabla mtu hajaingia. Harusi, matanga, hata kununua mbuzi wa Krismasi, kiasi kinatajwa kwanza na hakuna aliyewahi kuona haya. Ni kwenye meza ya glasi ndogo tu ambapo tunajifanya pesa ni jambo la kishamba. Kanuni ya kwanza basi: bei itajwe kwenye mwaliko wenyewe, na kila mtu alipe alichoagiza. Anayetaka kumlipia mwenzake amlipie kimya, bila kutangaza meza nzima.

La pili ni ulimi. Kuna yule msee ambaye kila glasi lazima aitolee hotuba. Mwingine akisema “hii ni tamu,” anacheka puani na kusahihisha. Lazima useme machungwa ya Ulaya, misonobari, matunda ambayo hajawahi kuyaona mtini. Mwenye Kiingereza cha bia anahesabiwa kuwa na ulimi, na asiyekuwa nacho anahesabiwa kuwa na kiu tu.

Mimi nauliza: tangu lini Kiswahili kikakosa maneno ya mdomo? Tuna chungu na tuna kali, na kila mtoto anajua si kitu kimoja. Tuna ukakasi, ule unaokausha ulimi kama ndizi mbichi. Tuna ugwadu, tuna kuchacha, tuna kukolea, tuna chapwa. Bia chachu ikikukumbusha ukwaju, sema ukwaju. Ile nyeusi ikinukia moshi wa kibuyu cha mursik au mkate ulioungua pembeni, sema hivyo, na wote mezani watajua ulichoonja. Kazi ya neno la ladha ni kumfikisha mwenzako pale ulipofika wewe. Neno ambalo wenzako wanne hawalielewi limefanya kazi nyingine.

Na dharau hii ina historia, tusijifanye imezaliwa juzi. Enzi za ukoloni, bia ya chupa ya Wazungu Mwafrika wa Kenya alinyimwa kisheria mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Tangu miaka ya 1920, manispaa ya Nairobi ilimuuzia pombe yake kwenye ukumbi wake huko Pumwani na kula faida. Nani anywe nini, na akae wapi, lilikuwa swali la serikali. Leo serikali imetoka kwenye hilo swali, tukaliokota sisi wenyewe na kulipeleka Westlands.

Tazama neno kegi. Mwaka 2004 Senator ilipokuja kwa kegi, ililengwa kwa mtu wa kipato cha chini, kumtoa kwenye chang’aa haramu. Tangu hapo ukisema kegi watu wanaona mugi, benchi na matope mlangoni. Lakini hiyo krafti unayomiminiwa kutoka kwenye bomba la kaunta, unadhani imetoka wapi? Imetoka kwenye kegi. Pipa la chuma ni lile lile, gesi inayoisukuma bia ni ile ile. Kilichobadilika ni mtaa na glasi. Kwa hivyo anayemcheka mnywaji wa kegi akiwa ameshika bia ya kegi anafaa kwanza kuangalia chini ya kaunta.

La tatu ni uongo. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, na walisema hivyo wakiwajua wagema. Sisi tunasifu kila kitu, hasa mwenye bia akiwa amesimama pale pale na aproni yake. Tunasema “noma sana,” tunapiga picha, halafu kwenye matatu tunasema ilikuwa mbaya. Hiyo si heshima. Mtu ameweka akiba yake kwenye kimea na hamira anahitaji kuambiwa ukweli zaidi ya mtu mwingine yeyote mjini.

Ila ukweli nao una adabu yake. Tofautisha bia yenye kasoro na bia usiyoipenda. Bia inayonuka katoni iliyoloa imeingiwa na hewa au imekaa sana. Inayonuka siagi pasipostahili, huenda haikuachwa imalize kuchacha, au mabomba hayajaoshwa. Ya chupa ya kijani iliyoachwa juani hunuka vibaya kwa sababu mwanga huharibu hopsi. Hizo ni kasoro. Mwite mhusika pembeni, mwambie kwa sauti ya chini. Lakini uchungu mkali kwenye bia iliyotengenezwa iwe chungu si kasoro, ni wewe na yeye hamjapatana. Sema “mimi siiwezi,” uiache glasi, maisha yaendelee. Kumwaibisha mtu mbele ya wateja wake ili uonekane mjuzi ni ushamba wa hali ya juu.

La nne, na hili ndilo linalozika watu: kulazimishana. Glasi ni ndogo, kwa hivyo tunadhani hatunywi. Hebu tupige hesabu. Glasi nne za mililita 150 ni mililita 600. Hiyo imeshapita chupa kubwa ya 500. Na kama bia hizo zina nguvu ya asilimia 7, umekunywa mililita 42 za kilevi chenyewe. Chupa ya 500 ya Tusker, yenye asilimia 4.2, ina mililita 21. Ubao mmoja wa “kuonja” ni Tusker mbili, na wewe bado unasema umeonja tu. Ubao wa pili ni nne, na funguo za gari ziko mezani.

Kwa hivyo anayeacha nusu glasi asiulizwe kwa nini. Asiyekunywa kabisa asifanywe dereva wa bure wala mada ya kicheko. Labda anatumia dawa, labda ana mimba ambayo hajaitangaza, labda baba yake alikunywa shamba likaisha. Hana deni la maelezo kwako. Mwenyeji mwenye adabu huagiza maji na kitu kisicho na kilevi kabla ya ubao wa kwanza kufika, na suala la nani anaendesha linamalizwa watu wakiwa bado na akili zao.

Najua jibu litakalokuja. Nitaambiwa naleta siasa kwenye starehe, watu wametoka kazini, wacha wafurahie. Wengine watasema huu ni mchezo wa kigeni, una kanuni za kigeni, usiyeziweza kaa nyumbani. Lakini kunywa pamoja kwa utaratibu hatukufundishwa na mgeni. Uluhyani wazee walizunguka chungu kimoja cha busaa, kila mtu na mrija wake mrefu. Sisemi chungu kile kilikuwa pepo. Wakubwa walikuwa na nafasi zao, na mama aliyekaanga unga ule juu ya moto mara nyingi hakuwa na mrija. Hayo tuyaache huko. Ila jambo moja walilijua: chungu kikishawekwa katikati, hukai pale kumwonyesha jirani kwamba mrija wako ni mrefu kuliko wake.

Sasa ukialika watu, andika hivi: mahali, saa, bei ya ubao, kila mtu ajilipie, maji yapo, soda ipo, gari tutaita. Ni mistari miwili, haichukui hata dakika. Kisha mkikaa, mwache anayeonja kwa mara ya kwanza aongee kwanza, kwa lugha yake, kabla ya mjuzi kufungua mdomo. Mtasikia mambo kuhusu hiyo bia ambayo mjuzi hajawahi kuyaonja. Na kama mjuzi hawezi kusubiri dakika tano, bana, huyo aende akaonje peke yake.