Shampeni Kongwe: Mnunuzi Ana Haki ya Kuijua Tarehe ya Pili

Mtu anayenunua leo chupa ya shampeni ya mavuno ya mwaka 2002 hudhani kuwa amenunua umri. Tarakimu hizo nne huchapishwa mahali pa kuonekana, na bei hupandishwa kwa ajili yake. Lakini tarakimu hizo humweleza jambo moja tu, nalo ni mwaka ambao zabibu zilichumwa. Hazimwelezi jinsi divai hiyo ilivyoishi baadaye, ilhali maisha hayo ndiyo yanayoitenga chupa iliyokomaa na chupa iliyochakaa. Rai yangu ni kuwa sheria, ambayo hulilinda jina la Champagne kwa wivu mkubwa, imemwacha mnunuzi gizani katika jambo linalomhusu zaidi.

Kwetu hapa kila chupa inayotoa povu arusini huitwa shampeni, hata ile yenye maji ya matunda matupu. Shampeni ya kweli hutoka katika jimbo la Champagne, kaskazini-mashariki ya Paris, hasa pande za Reims na Épernay. Jina hilo halikupatikana kwa urahisi. Mwaka 1911 wakulima wa huko walivunja maghala na kumwaga divai ya wafanyabiashara waliokuwa wakileta zabibu za nje na kuziuza kwa jina la jimbo lao, hata ikabidi jeshi litumwe. Watu waliokuwa tayari kuasi kwa ajili ya ukweli wa maandishi ya chupa hawapaswi kuuonea haya ukweli mwingine unaofanana na huo.

Shampeni nyingi haitaji mwaka wowote, kwani huchanganywa divai za miaka mbalimbali ili ladha isibadilike. Mwaka unapokuwa mwema, nyumba ya divai huweza kutengeneza shampeni ya mavuno ya mwaka huo peke yake. Sheria hutaka shampeni ya kawaida ikae ghalani miezi 15 kabla ya kuuzwa, na ile ya mwaka mmoja ikae miaka 3. Miaka ya 2002 na 2008 husifiwa sana. Mwaka 1996 nao ulisifiwa kwa asidi yake kali, ijapokuwa baadhi ya chupa zake zilizeeka upesi kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 2003 ulikuwa wa joto la ajabu, zabibu zikachumwa mwezi wa Agosti, na asidi ikawa haba.

Hapa walimu wa kemia wana somo zuri. Divai iliyokwisha kuchacha hutiwa chupani pamoja na sukari na hamira, kisha hufungwa. Hamira huila sukari na kutoa gesi ya kaboni dioksidi, ambayo kwa kukosa njia huyeyuka ndani ya divai hata msukumo ukafika zaidi ya mara mbili ya ule wa gurudumu la gari. Kazi hiyo ikiisha, hamira hufa. Wengi wangedhani kuwa maiti hizo ni uchafu wa kuondolewa upesi, kumbe ndizo zinazomlea mtoto. Mashapo hayo huoza polepole kwa miaka, yakiipa divai harufu ya mkate uliotoka jikoni na ya njugu, na wakati huo huo huikinga na hewa.

Siku moja lazima yatolewe. Chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogo kidogo hadi mashapo yote yakusanyike shingoni. Ufundi huo hunasibishwa na mjane Barbe-Nicole Ponsardin, aliyefiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na umri wa miaka 27, akaiendesha biashara ya Clicquot mwenyewe. Siku hizi shingo hugandishwa, kizibo cha muda hufunguliwa, na mashapo hurushwa nje kwa nguvu ya gesi. Kisha chupa huongezewa divai kidogo, aghalabu yenye sukari, na kutiwa kizibo cha kudumu.

Tangu siku hiyo maisha ya aina nyingine huanza. Mlinzi hayupo tena, na hewa inayopenya kizibo huifanya kazi yake: rangi huelekea dhahabu, na harufu ya asali, matunda makavu, kahawa na uyoga hujitokeza. Basi chukua chupa mbili za mwaka 2002, moja iliyotolewa mashapo mwaka 2010 na nyingine mwaka 2020. Ni pacha waliolelewa nyumba mbili tofauti. Ya kwanza imekwisha kukutana na dunia; ya pili ingali mbichi kwa namna yake. Mwenye kupenda moja huenda asiipende nyingine, na kwenye lebo zote mbili husomeka 2002.

Tarehe hiyo ya pili sheria haiilazimishi. Wapo wanaoitaja kwa hiari. Mwaka 1967 nyumba ya Bollinger ilianza kuuza shampeni ya mavuno ya 1952 iliyokuwa imetolewa mashapo karibuni, na kuufanya ukweli huo kuwa fahari yake. Tangu mwaka 2011 nyumba ya Krug imekuwa ikiweka nambari kwenye chupa, ambayo humwezesha mnunuzi kuijua historia yake. Wanaokataa husema kuwa watu wataidhania kuwa ni tarehe ya kuharibika. Hoja hii ni dhaifu. Mtu aliyeweza kufundishwa kuthamini mwaka wa mavuno hashindwi kufundishwa tarehe moja zaidi. Nashuku kuwa wengine huipenda hoja hiyo kwa sababu chupa isiyo na tarehe ni rahisi kuiuza wakati wowote.

Wasomaji ambao imani zao zimewakataza pombe hawana haja ya kuionja ili waifahamu hoja. Na kwa kuwa bei ya chupa moja huweza kumeza sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi, anayetaka kuinunua ana sababu zaidi ya kudadisi. Na aulize ilitolewa mashapo lini na ilihifadhiwa wapi. Joto na mwanga ni maadui wakubwa. Chupa iliyopambwa dirishani penye jua la Mombasa haistahili bei ya ukongwe hata ikiwa ya mwaka gani. Mwaka 2010 wapiga mbizi walizikuta chupa 168 katika meli iliyozama karibu na visiwa vya Åland, Finland. Zilikuwa zimekaa majini takriban miaka 170, katika baridi na giza, na baadhi yake zilikuwa zingali zikinyweka.

Anayejaliwa kuifungua asiigandishe. Nyuzi 10 hadi 12 zatosha, maana baridi kali huifunga harufu ambayo ndiyo iliyolipiwa. Bilauri nyembamba ndefu za arusini haziifai. Glasi ya divai yenye tumbo pana kidogo ni bora. Kizibo kitolewe taratibu, bila mlio. Viputo vichache si kasoro kwa chupa ya umri huo. Inakwenda vyema na kuku, uyoga au jibini iliyokomaa, na hainywewi kwa haraka, kwani glasi ya kwanza na ya mwisho hazifanani. Ikisalia, ifungwe barabara na kurudishwa kwenye friji. Kesho yake povu litakuwa limepungua, lakini huenda harufu ikawa imefunguka zaidi.