Mtoto Anapomtesa Mnyama

Mtoto anapomburura paka kwa kamba, watu wazima hugawanyika. Wengine husema ni utoto tu, utampita. Wengine humwona tayari ni muuaji wa kesho. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zimekosea.

Hofu ya muuaji wa kesho ilipata nguvu mwaka 1963, tabibu wa magonjwa ya akili J. M. Macdonald alipochapisha huko Marekani uchunguzi wa wagonjwa 100 waliotishia kuua. Miongoni mwa wale wakatili zaidi aliona mara kwa mara mambo matatu ya utotoni: kukojoa kitandani, kuchoma vitu moto na kutesa wanyama. Wagonjwa hao walichaguliwa kwa vitisho vyao, si kwa mauaji. Hata hivyo mambo hayo yalienezwa kana kwamba ni kanuni ya kumtambua muuaji.

Mwaka 1999 Arnold Arluke na wenzake walitoa ushahidi ulio imara zaidi. Waliwalinganisha watu 153 walioshtakiwa kwa kutesa wanyama katika jimbo la Massachusetts na majirani wao 153. Asilimia 37 ya watesaji walikuwa na kumbukumbu za makosa ya kuwadhuru watu. Kwa majirani ni asilimia 7. Uhusiano, basi, upo. Lakini ukatili kwa mnyama haukuelekea kutangulia makosa hayo kuliko kuyafuata; na watesaji waliwazidi majirani hata kwa makosa ya mali na ya dawa za kulevya.

Kwa hiyo ukatili huu si ngazi ya kupandia mauaji, bali ni dalili ya maisha yaliyokwenda kombo. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba mtoto apigwaye nyumbani, au aonaye mama yake akipigwa, huelekea zaidi kutesa wanyama.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Mwanafunzi aonaye mwenziwe akitesa mnyama na amwarifu mwalimu. Naye mwalimu amwokoe mnyama, kisha aulize kwa upole: huko nyumbani kuna nini? Akikimbilia kiboko, atakuwa amerudia somo lile lile ambalo mtoto amekwisha kulijua mno: kwamba mwenye nguvu ana haki ya kumwumiza mnyonge.