Nunda Hakutoka Mwituni

Haupiti muda mrefu bila kuzuka mtu wa kutuambia kwamba nunda wa ngano zetu ni mnyama wa kweli, paka mwenye kimo cha punda ambaye wataalamu bado hawajamnasa. Chanzo cha maneno haya hakifichiki. Mwaka 1937 Kapteni William Hichens, aliyepata kuwa hakimu wa kikoloni Tanganyika, alieleza katika jarida la Uingereza habari za watu waliouawa usiku huko Lindi, na manyoya ya kijivu yaliyokutwa mkononi mwa maiti. Mwaka 1955 Bernard Heuvelmans akamtia nunda katika kitabu chake cha wanyama wasiojulikana, na msako haujesha.

Linaloudhi ni kuwa Hichens hakuwa mgeni wa fasihi yetu. Ndiye mhariri wa Al-Inkishafi (1939) na wa Diwani ya Muyaka (1940). Aliyeweza kuona magofu ya Pate ndani ya beti, alishindwaje kusoma ngano?

Na ngano ilikwisha chapwa zamani. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, aliipata hapa Unguja akaitoa London mwaka 1870. Humo nunda hatoki mwituni, anatoka nyumbani kwa mfalme. Ni paka wa Sultani Majnun, kipenzi chake. Alikula ndama, watu wakenda kushitaki, wakajibiwa kuwa paka ni wa sultani na ndama ni wa sultani. Akala mbuzi, ng'ombe, punda, hata ngamia, na jibu likawa lile lile. Akala watu, jibu halikugeuka, kana kwamba raia nao wamo katika hesabu ya mifugo. Siku alipowaua wana wa sultani mwenyewe, ndipo sultani akatamka kwamba huyu si paka tena, ni nunda.

Tazameni jina limetolewa lini. Kucha ni zile zile, meno ni yale yale. Kilichobadilika ni mwenye msiba.

Kisha akatoka mwana mdogo, yule aliyedharauliwa, kwenda kumtafuta. Akaua mbwa, akaua ngawa, punda milia, twiga, kifaru, hata ndovu, na kila mara mama yake akamwambia siye. (Hapa ndipo msimulizi hodari huwaliza na kuwachekesha watu kwa pamoja.) Ndovu ni mkubwa kuliko paka yeyote, naye siye. Wenye kupima nyayo kwa futi wangeanzia hapo.

Watanijibu kwamba Lindi watu walikufa kweli. Sikatai, simba na chui wamekula watu wengi kusini. Lakini kwa Mswahili nunda si jina la ngozi na mkia peke yake: mtu katili, mwenye kiu ya damu, naye huitwa nunda, wala hakuna anayemtafuta porini.

Nasi pia tuna dhambi yetu. Nimesikia watoto wakisimuliwa ngano hii kwa kuanzia pale kijana anaposhika mkuki. Paka kaachwa, sultani kaachwa, na wale waliokwenda kushitaki wakarudi na jibu lile lile, wameachwa nao. Hao ndio ninaowadai kwa wasimulizi wetu.