Breki za Umeme za Tela: Kipimo Kwanza, Lawama Baadaye



Tela inapomshinda dereva mteremkoni, neno la kwanza litokalo ofisini huwa ni "dereva mzembe". La pili huwa ni kukatwa mshahara. Sisi twasema la kwanza liwe kipimo.

Twazungumzia tela zenye breki za umeme, zinazovutwa na pikapu na magari mengine mepesi. Aina hii imeenea sana Marekani, Kanada na Australia. Mwajiri akiileta shambani au kiwandani kwetu, yampasa alete pia mita ya kupimia umeme na kumfundisha fundi kuitumia. Breki ya upepo ikivuja husikika, na ya mafuta ikivuja huacha doa chini. Breki ya umeme ikifa hukaa kimya, na macho ya dereva hayawezi kuona ndani ya waya.

Dereva akikanyaga breki, kisanduku kilichomo garini hupeleka umeme kwenye sumaku iliyo ndani ya kila gurudumu la tela lenye breki. Sumaku hunata kwenye dramu inayozunguka, ikasukuma wenzo unaotanua viatu vya breki. Waya ukikatika, hata dereva akikanyaga mpaka chini, tela haitashika.

Kuupata ubovu si kazi ya kubahatisha. Kwa dramu za kawaida za inchi 10 au 12, kila sumaku hula karibu ampea 3 kwa betri ya volti 12. Basi magurudumu mawili yasome karibu 6, manne karibu 12. Mita ikisoma 9 penye magurudumu manne, huenda sumaku moja haifanyi kazi. Ikisoma sifuri, tafuteni waya uliokatika, fyuzi iliyoungua, plagi mbovu au kisanduku kibovu. Ikisoma kidogo kwa yote, tazameni kutu kwenye viungo na waya wa ethi uliolegea. Ikisoma kupita kiasi, yawezekana waya umechubuka na kugusa chuma.

Umeme ukiwa sawa na tela bado haishiki, ubovu umo ndani ya dramu. Wekeni vizuizi kwenye magurudumu, pigeni jeki, fungueni. Pengine viatu vinahitaji kukazwa, au sumaku imelika, au grisi imeingia kwenye viatu. Viatu vilivyolowa grisi havioshwi vikarudishwa. Hubadilishwa, na hubadilishwa pande zote mbili za ekseli, ili tela isivute upande mmoja.

Msisahau swichi ya dharura. Tela ikichomoka garini, kamba huvuta pini, na betri ndogo ya tela hufunga breki. Betri hiyo ikiwa imekufa, swichi ni pambo tu. Kabla ya kuijaribu, chomoeni plagi ya tela, msije mkaharibu kisanduku.

Kwa hiyo matawi yetu yadai mambo matatu. Kwanza, breki zijaribiwe kila siku kabla ya safari, mahali tambarare na kwa mwendo wa polepole, na dakika hizo zihesabiwe kuwa za kazi. Pili, kila kipimo kiandikwe katika daftari ambalo mwakilishi wa wafanyakazi anaweza kulisoma. Tatu, tela yenye breki mbovu isimame mpaka itengenezwe, hata kama mzigo unangojewa.

Wako watakaosema kusimamisha tela ni hasara. Sumaku moja na kipande cha waya ni gharama ndogo kuliko mguu wa mtu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wamlinda mfanyakazi anayejitoa kwenye kazi akiwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba maisha au afya yake imo katika hatari kubwa iliyo karibu. Mwaka 2022 mkataba huo uliwekwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo. Tena Mkataba namba 184 wa mwaka 2001 wahusu usalama katika kilimo, ndiyo mashamba yetu haya.

Ndugu, daftari likionyesha kwamba breki iliripotiwa mbovu na tela ikaamriwa kuondoka, hakuna atakayemtwika dereva mzigo usio wake. Anzeni kuliandika wiki hii.