Mtoto wa pili: asipimwe mama peke yake

Huku kwetu Igawa, Mbeya, aliyezaa mara moja akichelewa mimba ya pili, maneno huanza: kafungwa kizazi, au sindano za uzazi wa mpango zimemharibu. Sindano haziharibu kizazi. Ukiziacha, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, hata mwaka, kisha uwezo unarudi.

Badala ya maneno hayo, homoni zipimwe, lakini kwa siku zake. FSH hupimwa siku ya pili au ya tatu ya hedhi. Projesteroni, wiki moja hivi kabla ya hedhi inayofuata. Prolaktini ikipanda, yai huweza kutopevuka.

Kinachosahaulika ni tezi ya shingo. Nyanda za Juu Kusini tuna historia ya rovu kwa kukosa madini joto, na tezi ikilegea, mzunguko wa hedhi huvurugika. Shangazi yangu mpaka leo ananunua chumvi ya kupimiwa kwa kopo, isiyo na madini joto, eti ndiyo inayokolea kwenye maharage!

Homoni zikiwa sawa, bado kuna mirija, ambayo huweza kuzibwa na maambukizi ya baada ya kujifungua. Na baba naye apimwe mbegu; kuzalisha mara moja si cheti cha maisha. Mmejaribu mwaka mzima bila kinga, au miezi sita kama mama kapita 35? Nendeni wote wawili, na mkiona kimya, ombeni rufaa ya Mbeya mjini.